Mpira Peke Yake Hautibu Mtu

PEMBENI MWA UWANJA
Na Neema Byamungu

Mara kwa mara gari la wafadhili huingia makazi ya wakimbizi ya Nakivale likapakua mipira, jezi, filimbi na nyavu za magoli. Hufuata hotuba fupi kwamba michezo huponya majeraha ya vita na kuwapatanisha watu. Picha zinapigwa, gari linarudi Mbarara. Mipira sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hotuba.

Hotuba hiyo ilishapimwa, tena hapa hapa Uganda. Watafiti wakiongozwa na Justin Richards waliifuatilia ligi ya mpira ya watoto wa Gulu, mji uliotoka kwenye vita vya waasi wa Joseph Kony. Kura ikapigwa: wengine wakacheza kwa wiki 11, wengine wakaambiwa wasubiri zamu yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na hayakumfurahisha mtu. Wavulana waliocheza hawakupata nafuu ya moyo. Dalili za huzuni na wasiwasi zilikuwa nzito zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliobaki wakisubiri. Wala haikuwa ligi ya ovyo, maana ilikuwa na shughuli za kujenga amani ndani yake. Lakini ligi ni ligi, ina wanaoshinda na wanaoshindwa. Mimi nayasoma matokeo yale hivi: mtoto aliyekwisha kupoteza mengi aliongezewa kitu kingine cha kupoteza, tena mbele ya watazamaji.

Watoto wa namna hiyo wamejaa Nakivale. Makazi haya ya wilaya ya Isingiro yanapokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipoanza kuja Wanyarwanda. Leo ukisimama kwenye kiwanja cha vumbi, iwe Base Camp, Juru au Rubondo, utasikia Kiswahili cha Kivu, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali, na Kinyankole cha wenyeji. Kocha mara nyingi ni kijana wa kujitolea aliyewahi kusifika kwa chenga zake. Ukocha anaoujua ni ule aliofanyiwa yeye: kelele, matusi mawili matatu, kuzungushwa uwanja kama adhabu, kukalishwa benchi mpaka machozi yamtoke. Na mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020. Mtoto unayemwadhibu kwa mizunguko kumi huenda hajatia kitu tumboni tangu jana. Umemuuliza?

Popole Misenga, mcheza judo kutoka Kongo, anajua njia hiyo ya adhabu huishia wapi. Alizaliwa Bukavu, vita vikamtenganisha na familia yake akiwa mdogo, akaokotwa msituni na kupelekwa Kinshasa. Huko ndiko alikojifunza judo. Akapanda hadi timu ya taifa, na kwa maelezo yake mwenyewe, kila aliposhindwa makocha walimfungia kwa siku kadhaa akila chakula kidogo. Mwaka 2013, wakiwa Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia, yeye na mwenzake Yolande Mabika wakatoroka. Miaka mitatu baadaye alirudi mkekani katika mji uleule, safari hii na timu ya wakimbizi ya Olimpiki, akamshinda Avtar Singh wa India kabla ya kutolewa na bingwa wa dunia kutoka Korea Kusini. Judo ni ileile na mwili ni uleule. Kilichobadilika ni kocha: safari hii alikuwa Mbrazili Geraldo Bernardes.

Najua jibu la wakongwe wa uwanjani: sisi tulifunzwa kwa ukali, na tazama tulivyotoka. Sawa. Ila wale walioacha mchezo kwa sababu ya ukali huo hawapo kijiweni kusimulia. Marekani walikwenda kuwahesabu. Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafunza makocha wa besiboli ya watoto kwa saa chache tu: sifu juhudi, usisubiri bao, mtoto akikosea mtie moyo, kisha mwonyeshe namna ya kufanya, kosa lisiwe na adhabu. Msimu uliofuata, katika kila watoto 100 wa makocha ambao hawakufunzwa, 26 hawakurudi. Kwa makocha waliofunzwa ni 5. Kwa idadi ya mechi walizoshinda na walizoshindwa, timu hazikutofautiana. Na katika utafiti wao wa kwanza, walioinuka zaidi walikuwa watoto waliokuwa wakijidharau.

Utaniambia hayo ni ya Marekani. Basi turudi Nakivale yenyewe. Mwaka 2008 Mjerumani Frank Neuner na wenzake, akiwemo Mganda Lamaro Onyut, walichapisha jaribio lililohusu Wasomali na Wanyarwanda 277 wa makazi haya waliokuwa na ugonjwa wa kuteswa na kumbukumbu za vita. Washauri hawakuletwa kutoka Kampala wala Ulaya. Walikuwa wakimbizi wenyewe, watu wasio na shahada ya saikolojia, waliofunzwa kwa wiki sita. Wagonjwa walipopimwa tena baadaye, asilimia 70 ya waliosaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio hawakuwa tena na ugonjwa ule. Waliopata ushauri wa kawaida ni asilimia 65. Waliofuatiliwa tu bila tiba, 37. Jirani aliyefunzwa vizuri alifanya kazi tuliyodhani ni ya daktari peke yake.

Sisemi kocha ageuke mganga wa akili. Asimlazimishe mtoto kusimulia yaliyompata, na ajue ampeleke kwa nani mtoto anayeshindwa kulala. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo, na inafunzika: asimguse mchezaji bila kumwambia, asimpigie kelele ghafla kutoka nyuma, mazoezi yaanze na kuisha kwa namna ileile ili mtoto ajue kinachofuata.

Wenye ulemavu ndio wanaotuumbua zaidi. Kwetu kumshirikisha kijana wa magongo ni kumpa daftari aandike mabao. Edward Deci na Richard Ryan wameeleza kwa miaka mingi kinachomfanya mtu adumu katika jambo: awe na uchaguzi, ajione anaweza, ajione ni wa kundi hilo. Sisi badala ya yote matatu tunampa huruma. Muulize kwanza anataka kucheza wapi. Punguza ukubwa wa kiwanja. Kwa viziwi inua kitambaa badala ya filimbi. Kwa wasioona funga mpira ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ili uwe na sauti ukibingirika. Huhitaji mradi wala mfadhili. Voleboli ya kukaa inataka kamba na ardhi, na wanawake wa Rwanda waliicheza mpaka wakafika Paralimpiki ya Rio mwaka 2016. Tembo Warriors, timu ya Tanzania ya soka ya waliokatwa viungo, kwa magongo yao walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la mchezo huo mjini Istanbul mwaka 2022. Naye Parfait Hakizimana, Mrundi aliyepoteza mkono utotoni, alikuwa akiwafundisha watoto taekwondo katika kambi ya Mahama, Rwanda, kabla ya kwenda Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Zingatia hapo: yeye alikuwa mwalimu, hakuwa mwandishi wa mabao.

Mbarara mjini nako tusijione wajanja. Mama mnene akiingia jimu kwa mara ya kwanza, akapandishwa kwenye mizani mbele ya vijana wenye vifua, hatarudi, na mwalimu atasema hakuwa na nia.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Chuo Kikuu cha Mbarara kina idara ya magonjwa ya akili, na wilaya ya Isingiro ina maofisa wa michezo. Wakae pamoja, waandae mafunzo ya wiki sita kwa makocha wa Nakivale na wa Mbarara, kwa Kiswahili, na wafadhili wapunguze jezi ili wayalipie. Katika orodha ya kwanza ya watakaofunzwa wawemo wanawake na wenye ulemavu. Tusiambiwe tena kwamba zamu yao itakuja.