Harusi Msimu Mzima, Ndoa Dakika Chache



Vijana wetu hapa Kamembe wana ubishi usiokwisha. Ubishi huo ni juu ya tamthilia ya Marekani ya mapenzi na vichekesho iitwayo How I Met Your Mother. Sehemu yake ya mwisho ilionyeshwa tarehe 31 Machi 2014, na sasa imepita zaidi ya miaka 10. Lakini tamthilia siku hizi husafiri kwa flash, kutoka kompyuta hii hadi ile, zikivuka daraja kutoka Bukavu na kurudi. Kwa hiyo kila mwaka kuna wanafunzi wapya wanaoimaliza, na ugomvi unaanza upya. Wako wanaosema mwisho ule ni dhuluma kwa mtazamaji. Wako wanaoutetea kwa nguvu zote. Mimi naona vijana wana haki ya kuudhika, ila wengi wao wameudhikia jambo dogo na kuliacha lile kubwa.

Kwa wazazi ambao hawajaiona, kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2030 baba mmoja aitwaye Ted, msanifu majengo wa New York, anawakalisha watoto wake wawili na kuwasimulia jinsi alivyokutana na mama yao. Masimulizi hayo yalianza kuonyeshwa mwaka 2005 na yakachukua misimu 9 na sehemu 208. Huyo mama tunayesubiri kumjua, sura yake ilionyeshwa mara ya kwanza mwishoni mwa msimu wa 8, mwaka 2013. Tusifichane, hii si tamthilia ya kutazama na watoto wadogo. Mna ulevi ndani yake, na zinaa inafanywa mzaha. Lakini wanafunzi wetu wengi wameshaitazama. Mzazi akisema "zima hiyo" kisha akanyamaza, atakuwa amezima televisheni tu. Swali litabaki kichwani mwa mtoto.

Hebu tutazame wanayobishania. Wapo wanaouliza lile nanasi alilolikuta Ted chumbani kwake katika msimu wa kwanza lilitoka wapi. Jibu halikuwemo katika tamthilia yenyewe, lilikuja katika kipande kilichokatwa na kuwekwa kwenye DVD. Wapo wanaouliza mama yule aliugua ugonjwa gani, maana hautajwi. Maswali haya yana utamu wake wa kupitisha jioni, wala sioni ubaya. Lakini yapo mambo 3 ambayo msimu wa mwisho uliyapita mbio, na hayo ndiyo yanayohusu nyumba zetu.

La kwanza ni ndoa ya Barney na Robin. Msimu wa 9 una sehemu 24. Sehemu 22 za kwanza zimetumika karibu zote kwa siku chache tu za mwisho wa wiki ya harusi yao: hoteli, wageni, mavazi, pete, wasiwasi wa bwana harusi na wa bibi harusi. Baada ya hapo, katika kipindi cha mwisho, tunaambiwa kwamba miaka 3 ilipita na wameachana, kwa sababu kazi ya Robin ya uandishi wa habari ilikuwa ya safari nyingi. Watazamaji wengi walihisi wametapeliwa, na mimi nasema walihisi sawa. Jambo la kazi na safari lingeweza kuzungumzwa kabla ya harusi. Katika siku zile zote hawakulikalia chini mpaka likamalizika.

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Harusi zetu hapa zinafanyiwa vikao vingapi? Kamati inakutana, michango inaandikwa, ukumbi unatafutwa, sare zinashonwa. Je, ni kikao gani kilichowakutanisha mume na mke watarajiwa wakaulizwa: mtaishi wapi? Mke ataendelea na masomo au na biashara yake ya Bukavu? Wazazi wa pande zote mbili mtawasaidiaje? Deni la harusi atalilipa nani? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wengi wetu tunapaka rangi mlango tu.

La pili ni mama wa mtoto wa Barney. Baada ya talaka, Barney anarudia maisha yake ya zamani ya kuhadaa wanawake, na mmoja wao anapata mimba. Mtoto anazaliwa, Barney anampakata, na papo hapo moyo wake unalainika. Ni onyesho linaloliza watu. Lakini je, mama wa yule mtoto ni nani? Hana jina wala sura. Anatajwa kwa namba tu, namba 31. Nimewasikia vijana wakibishana saa nzima juu ya nanasi, na sikumsikia hata mmoja akimuulizia mwanamke huyu. Alijifungua salama? Anaishi vipi? Mtoto akikua na kuuliza habari za mama yake atajibiwa nini?

Hapa mtaani kwetu namba 31 wapo, na wana majina. Ni mabinti waliopata mimba wakaacha shule, huku watu wakimsifu kijana kwa kuwa "amebadilika". Mtoto mwenyewe hana dhambi yoyote. Lakini mwenye kutubu kikweli hujua pia haki za aliyemdhulumu. Kijana wa kiume anayetazama onyesho lile na kutokwa na machozi, na ajiulize machozi yake yamemfikia nani na yamemruka nani.

La tatu ndilo lililozua kelele kubwa kuliko yote. Katika kipindi cha mwisho tunaambiwa kwa haraka kwamba mama wa watoto aliugua na kufariki, miaka 6 kabla ya baba kuanza masimulizi yake. Watoto wanamwambia baba yao kwamba hadithi hii kumbe ilikuwa ya Robin tangu mwanzo, kisha wanamruhusu aende kwake. Naye anakwenda. Kwa nini iwe hivyo? Watunzi walikuwa wameshaurekodi mwisho huo na wale watoto mwaka 2006, kabla waigizaji hao hawajakua. Miaka 8 ikapita, hadithi ikageuka, watazamaji wakampenda yule mama, lakini mwisho ukabaki uleule. Malalamiko yalikuwa mengi hata DVD zilipotoka mwezi Septemba 2014 zikawa na mwisho mwingine, ambamo mama hafi.

Vijana wengi wanasema kosa la Ted ni kumwendea mwanamke mwingine. Hapa siko pamoja nao. Mjane kuoa au kuolewa tena si aibu katika dini yetu wala si usaliti. Mtume wetu (SAW) alioa baada ya Bibi Khadija (RA) kufariki, na hakuacha kumtaja kwa wema. Akichinja mbuzi alikuwa akiwapelekea nyama marafiki wa Khadija. Mfano huu unatuonyesha kilichokosekana katika mwisho ule. Kuoa tena hakukuwa na neno. Waliunyima msiba nafasi yake. Mama alipitishwa kama daraja, watoto hawakupewa hata dakika moja ya kulia, na miaka 6 ya majonzi ikamalizwa kwa sentensi chache.

Nchi yetu inaujua ujane. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, wajane walikuwa wengi mno, hata mwaka 1995 wakaanzisha chama chao, AVEGA. Zimo nyumba ambamo mtoto aliwahi kuuliza, kwa sauti au kimoyomoyo, kama mama anaweza kuolewa tena na baba akaendelea kukumbukwa. Swali hilo si la kuchekea. Linahitaji watu wazima wanaotaja jina la marehemu bila woga mezani, na baba au mama wa kambo asiyeona wivu kwa jina hilo.

Basi ushauri wangu ni mfupi. Wazazi, mkiwasikia watoto wakibishana juu ya mwisho wa tamthilia, msiwafukuze sebuleni. Kaeni, waulizeni maswali haya matatu. Mtashangaa mtakayoyasikia. Nanyi wanafunzi, mkimaliza kulalamikia watunzi wa Marekani, tazameni mambo yaliyoachwa bila kumalizwa hapa kwetu. Mahari iliyoahidiwa mbele ya watu ikasahauliwa. Mume aliyevuka mpaka akakaa kimya. Na ndoa iliyosomwa msikitini tu bila kufungwa mbele ya afisa wa serikali katika sekta, ambayo sheria ya Rwanda haiitambui, na mke akaja kulijua hilo siku ya msiba, wakati wa kugawa mali.

Tamthilia ikiacha jambo bila kulimaliza, hasara ni ya jioni moja. Ile iliyotaka kuwa mrithi wake, How I Met Your Father, ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya misimu 2, na baba mwenyewe hakujulikana. Watazamaji walilalamika, kisha wakahamia nyingine. Mke na watoto walioachwa bila hati na bila maelezo hawana nyingine ya kuhamia.

Allah azitie nyumba zetu subira na ukweli, na awape vijana wetu ndoa zinazotunzwa baada ya wageni kuondoka. Amin.