Ndege za kujiundia nyumbani: Hatari iko wapi hasa?

Januari 10, 2025 ndege ndogo ilianguka Kwachocha, Malindi, ikaua watu watatu waliokuwa barabarani na shughuli zao. Oktoba 28 mwaka huo huo, Cessna Caravan iliyotoka Diani ikianguka Tsimba Golini, Kaunti ya Kwale, wote 11 waliokuwamo wakafariki. Tangu hapo mazungumzo ya barazani kuhusu ndege ndogo yamekuwa mamoja: hivi vyombo si vya kuaminika. Lakini hizo zote mbili ni ndege za kiwandani. Basi mtu ana haki ya kuuliza: ikiwa ya kiwandani huanguka, ile iliyoundwa na mtu uani kwake itakuwaje?

Swali hili si la kupitisha wakati. Kila baada ya muda runinga zetu huonyesha kijana wa Kikenya aliyeunda ndege kwa mabati, mabomba na injini ya pikipiki au ya gari. Watu humiminika kumtazama, kiongozi mmoja hufika kupiga picha, ahadi hutolewa, kisha kila mtu huenda zake. Kijana hubaki na chombo chake, na hamu yake ya kuruka haijapungua. Siku atakayokiwasha na kukielekeza uwanjani, hakutakuwa na kiongozi wala kamera, na huenda hakutakuwa hata na mtu mmoja anayejua ndege kumliko yeye.

Kabla hatujasema vijana hawa wakatazwe au wapigiwe makofi, tutazame nchi ambayo imeishi na ndege za aina hii kwa miaka mingi na kuhesabu ajali zake. Nchi hiyo ni Marekani.

Moja kati ya kumi, moja kati ya tano

Chama cha Marekani cha wapenzi wa ndege za kujiundia, EAA, kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin. Sheria ya huko inasema kwamba mtu akifanya zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda ndege kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, ndege hiyo inaweza kusajiliwa katika kundi la ndege za majaribio. Haifanyi biashara ya kubeba abiria, na ndani yake hubandikwa onyo kwamba imeundwa na mtu binafsi na haikutimiza masharti ya ndege za kawaida.

Tusidhani kwamba zote ni za mabati na kubahatisha. Nyingi huanza kama vipande vilivyotengenezwa na kampuni, mnunuzi akaviunganisha nyumbani kwa miaka kadhaa akifuata michoro. Kampuni moja tu, Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, ina ndege zaidi ya 11,000 zilizokamilishwa na wateja wake na kuruka.

Mwaka 2012, bodi ya taifa ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, ilitoa uchunguzi mkubwa kuhusu ndege hizi. Wakati huo zilikuwa karibu 33,000, yaani takriban asilimia 10 ya ndege zote za Marekani ambazo si za mashirika ya abiria wala za jeshi. Lakini mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 hivi ya ajali zote za kundi hilo, na asilimia 21 ya ajali zilizoua watu. Kwa lugha ya sokoni: ndege moja kati ya kumi, lakini ajali moja ya kifo kati ya tano. Na kwa kuwa wenyewe huziruhusu kupumzika sana, wakiruka saa chache kuliko wenye ndege za kiwandani, pengo hilo kwa kila saa ya kuruka ni kubwa zaidi ya linavyoonekana.

Kwa hivyo anayesema ndege ya kujiundia ni hatari zaidi hajakosea. Anapokosea ni pale anapotaja sababu.

Si bawa lililong'oka

Ukimuuliza mtu yeyote jinsi ndege ya nyumbani inavyoanguka, atakuambia bawa litang'oka au mkia utakatika, kwa sababu fundi hakukaza vizuri. Wachunguzi hawakukuta hivyo. Kuvunjika kwa mwili wa ndege hakukuwa jambo la kawaida. Mambo mawili ndiyo yaliyoongoza kwa mbali: injini na mfumo wake kushindwa kufanya kazi, na rubani kupoteza udhibiti wa ndege ikiwa hewani.

Mambo hayo mawili mara nyingi hufuatana. Chukua ndege iliyoacha ardhi sekunde chache zilizopita. Mafuta yanakwama, labda kwa takataka ndani ya tangi, labda kwa bomba lililopita karibu mno na joto la injini. Injini inanyamaza. Silika ya binadamu ni kuvuta pua ya ndege juu, au kugeuza kwa nguvu kurudi uwanjani. Lakini bawa hubeba ndege pale tu hewa inapopita juu yake kwa mwendo wa kutosha. Ukivuta pua juu bila injini, mwendo unapungua hadi bawa linaacha kubeba, na ndege inadondoka upande mmoja bila nafasi ya kuiinua tena. Injini kuzima peke yake mara nyingi humpeleka mtu shambani akiwa na michubuko. Kupoteza udhibiti ndiko huua.

Kwa nini mafuta na injini visumbue zaidi katika ndege za nyumbani? Kwa sababu hapo ndipo kila muundaji hufanya lake. Mwili wa ndege huja na mchoro, na wengi huuheshimu. Lakini njia ya bomba la mafuta, mahali pa swichi, aina ya injini, hayo mtu huyabadilisha kwa busara yake. Ndege ya kiwandani ina ndugu zake maelfu waliofanana nayo, na kasoro ikigunduliwa kwa mmoja, barua hupelekwa kwa wenye zote. Ya nyumbani ni mtoto wa pekee. Kasoro yake haijulikani na mtu mwingine hadi siku inapojionyesha.

Halafu kuna suala la muda. Ajali nyingi hutokea mapema, katika saa za kwanza za maisha ya ndege. Sheria ya Marekani inaagiza majaribio ya saa 25 au 40, mbali na makazi ya watu na bila abiria. Lakini aliyekaa miaka sita kwenye karakana akikaza skrubu, katika miaka hiyo hakuwa akiruka sana. Mikono yake ya fundi imenolewa, ile ya rubani imeota kutu. Kisha siku moja anapanda chombo ambacho hakijawahi kurushwa na mtu yeyote, akiwa peke yake.

Mwenye pili

Jambo lililowashangaza wengi katika uchunguzi ule ni hili: zaidi ya nusu ya ndege zilizopata ajali mwaka 2011 hazikuwa mikononi mwa walioziunda. Zilikuwa zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Na ajali za wanunuzi hao pia zilijaa mwanzoni, hata katika safari ya kwanza kabisa.

Mfano unaojulikana duniani ni wa mwanamuziki wa Marekani John Denver, aliyefariki Oktoba 12, 1997 ndege yake ilipoanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Hakuwa mgeni wa kuruka. Alikuwa na saa zaidi ya 2,000 angani. Lakini ndege ile, aina ya Long-EZ iliyobuniwa na Burt Rutan, ilikuwa imeundwa na mtu mwingine, naye alikuwa ameinunua karibuni tu.

Katika mchoro wa Rutan, swichi ya kubadilisha tangi la mafuta hukaa mbele ya rubani, katikati ya miguu. Aliyeiunda ndege ile aliihamishia nyuma, juu ya bega la kushoto. Haikuwa na alama. Vioo vya kupimia mafuta pia vilikuwa nyuma ya kiti na havikuwa na alama. Ili kugeuza swichi, rubani alilazimika kuachilia usukani, ajipinde kushoto na kunyoosha mkono wa kulia nyuma. Wachunguzi walipojaribu kujipinda hivyo, waligundua kwamba mguu wa kulia hutaka kujikaza wenyewe kwenye pedali inayogeuza ndege.

Kabla ya safari hiyo, fundi wa uwanjani alizungumza naye kuhusu swichi hiyo na akampa kioo cha kujitazamia vipimo vya mafuta. Alipoulizwa kuhusu kuongeza mafuta alisema hahitaji, ataruka kwa muda wa saa moja hivi. NTSB ilihitimisha kwamba alipojipinda kutafuta swichi alikanyaga pedali bila kukusudia, na ndege ikamshinda. Bodi ikaorodhesha pia mafuta machache, uamuzi wa muundaji kuihamisha swichi, na mafunzo pungufu juu ya ndege ile.

Tazama basi ni nini kilichoua. Mbawa zilikuwa nzima. Aliyeunda hakuwa mzembe, maana alikuwa na sababu yake ya kuyaweka mafuta mbali na rubani. Aliyerusha hakuwa mwanafunzi. Kilichokosekana ni maarifa kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Muundaji aliijua ndege kama kiganja chake, mnunuzi akapewa chuma bila kupewa kiganja.

Sisi wa pwani jambo hili hatuhitaji kufundishwa. Anayenunua mashua iliyotumika humtafuta fundi au nahodha wa kwanza amuulize: huvuja wapi, hukataa upepo gani, tanga lake hulemea upande upi. Na jahazi jipya likishushwa majini halipakizwi shehena siku hiyo. Huachwa mbao zishibe maji, kalafati itazamwe, kisha lizungushwe karibu na ufuo. Anayepuuza hayo huambiwa waziwazi kwamba anaitafuta bahari ubaya.

Kilichopunguza vifo

NTSB haikupendekeza ndege hizi zipigwe marufuku. Ilitaka mfumo wa mafuta upimwe na matokeo yaandikwe kabla ndege haijapewa cheti, kuwe na mpango wa majaribio na kitabu cha maelezo ya ndege, na wanunuzi wapate mafunzo ya kuhamia aina mpya. Ilitaka pia rubani wa pili mwenye ujuzi aruhusiwe kumsaidia muundaji katika majaribio. Mwaka 2014 mamlaka ya anga ya Marekani ilikubali hilo la rubani wa pili. Miaka iliyofuata, ajali zenye vifo zilipungua, ingawa pengo na ndege za kiwandani halijafungika.

Uingereza ina njia yake. Huko chama cha ndege nyepesi, LAA, kina wakaguzi wanaotazama kazi hatua kwa hatua, kabla bati halijafunika kilicho ndani. Na katika bara letu, mwaka 2019 vijana wapatao 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege aina ya Sling 4 kwa wiki tatu, ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo, safari ya kama kilomita 12,000, wakipitia hata Zanzibar. Hawakuachwa peke yao. Vipande vilitoka kwa kampuni inayojua kazi, na marubani wenye uzoefu walifuatana nao kwa ndege nyingine.

Sisi tufanye nini?

Kuna watakaosema Mamlaka ya Safari za Ndege nchini, KCAA, ina kazi za kutosha na ndege zinazobeba watalii na wagonjwa, haiwezi kuhangaika na kijana mmoja na mabati yake. Hoja hiyo ina uzito. Kwa sasa waundaji wetu ni wachache, na wengi wao vyombo vyao havijapaa. Lakini uchache huo ndio nafasi yetu. Ni rahisi kuwaongoza watu kumi kuliko kuwatafuta elfu moja baadaye, wakati vyombo vyao vimeanza kuuzwa mkono kwa mkono.

Mambo matatu yanawezekana bila bajeti ya kutisha. Kwanza, mlango mmoja unaojulikana ambapo muundaji atabisha hodi bila kuogopa kukamatwa, aambiwe kinachotakiwa kabla hajakata bati la kwanza. Pili, vyuo vyetu vya ufundi na shule za urubani viwape vijana hawa mlezi: fundi wa ndege mwenye leseni wa kukagua mafuta na injini, na rubani wa kuwafundisha kuruka kwa ndege ya kawaida kwanza. Anayejifunza kuruka siku ile ile ndege yake inapojifunza kuruka ameweka wanafunzi wawili hewani bila mwalimu. Tatu, majaribio yafanyike mahali palipotengwa, mbali na nyumba na barabara. Waliokufa Kwachocha hawakuwa wamepanda ndege, na yeyote anayeruhusu jaribio juu ya mtaa wa watu anahatarisha wasioulizwa.

Na sisi raia tuna sehemu yetu. Tukimwona kijana na ndege yake, makofi ni sawa, lakini yafuatwe na maswali: nani amekagua njia ya mafuta? Injini imewashwa saa ngapi ikiwa ardhini? Nani amekufundisha kuruka? Akiwa na majibu, ana haki ya kusaidiwa. Akiwa hana, anayempenda kweli atamshika mkono asiwashe injini leo.