Kosa Lilindalo Siri

Wako wataalamu wasemao kwamba misimbo ya kusahihisha makosa ni kazi ya mafundi wa simu, wala haina nafasi katika baraza la watunza siri. Kauli hiyo ni nyepesi, na madhara yake ni mazito, hasa kwa kundi la watu watakao kuzungumza kwa ufunguo mmoja.

Richard Hamming alipoitangaza misimbo yake mwaka 1950, alitaka mashine ilione kosa na kulisahihisha yenyewe. Mwaka 1978 Robert McEliece aliigeuza hekima hiyo: mwenye kupeleka ujumbe huuchafua kwa makosa ya makusudi, na ajuaye umbo la siri la msimbo ndiye awezaye kuyaondoa. Mwizi huambulia fujo tupu. Vipimo vya awali vilishindwa mwaka 2008, vikaongezwa. Msingi wenyewe ungali umesimama.

Makubaliano mengi ya ufunguo wa kundi yamejengwa juu ya njia ya Diffie na Hellman ya mwaka 1976. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba njia hiyo itafunguka mbele ya kompyuta kubwa ya kwanta. Kompyuta hiyo haijapatikana. Lakini anakiliye mazungumzo leo aweza kuyaweka hata ipatikane, na siku hiyo wataumbuka wote waliozungumza.

Wapinzani hulalamikia uzito: ufunguo wa hadharani wa McEliece, ule autangazao kila mtu ili wenziwe wamfungie siri, haupungui baiti 261,120. Ni kweli, lakini hutangazwa mara moja, na kila siri ifungwayo kwao haifiki baiti 250. Basi mwanachama akitoka, waliobaki hupelekeana siri mpya, ambazo zikichanganywa huzaa ufunguo mwingine wa pamoja, kwa mzigo mdogo.

Walazimikao kubadili hata funguo za hadharani kila mara wanao mfumo wa HQC, ambao ufunguo wake ni mdogo zaidi. Mwezi wa Machi 2025 Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani iliuchagua uwe akiba, endapo mfumo uliotangulia, wenye msingi wa hisabati nyingine, utavunjwa. Akiba haiozi. Waidharauo misimbo kwa sababu ya uzito wamepima ufunguo, wakasahau kupima hasara ya mlango uliovunjwa.