Risala ya Madereva Wakimbizi kwa Gavana na Wabunge wa Jimbo la Iowa

Desemba 2025

Mheshimiwa Gavana, Waheshimiwa Wabunge,

Sisi tuliotia saini risala hii ni madereva wa malori na mabasi tuliotoka Kongo na Burundi, wengi wetu kupitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, na sasa tunaishi na kulea watoto wetu hapa Iowa. Tumeandika kwa Kiswahili ili kila mwenzetu aisome mwenyewe kabla ya kuweka jina lake. Tafsiri ya Kiingereza tumeiambatanisha.

Kwanza tuseme tusilolipinga. Gari la zaidi ya pauni 26,000 halifai kukabidhiwa mtu asiyejua kuliendesha, wala asiyeweza kusoma kibao cha barabarani na kumjibu askari. Mtihani tunautaka, na kipimo cha afya pia. Kinachotukera ni kuhukumiwa kwa mahali karatasi zetu zilikotoka kabla hata hatujaushika usukani.

Dereva akihamia Iowa kutoka Nebraska hupewa siku 30 za kubadilisha leseni yake ya biashara, na kwa kawaida harudii mtihani wa barabarani. Leseni ya lori ya Kanada au Meksiko inatambuliwa Marekani nzima. Ya Lubumbashi au Bujumbura haihesabiki kabisa, hata kama mwenye nayo ameshusha trela la shaba mlima Kitonga miaka nenda miaka rudi, na kila akivuka mpaka wa Kasumbalesa anabadili upande wa barabara kama mtu anayebadili mkono wa kushikia kikombe.

Mtu huyo hapa anaanza moja. Tangu tarehe 7 Februari 2022, sheria ya taifa inamtaka apitie mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa kabla ya kufanya mtihani wa barabarani, na kibali cha kujifunzia lazima akae nacho siku 14. Hayo tumeyakubali. Lakini, Waheshimiwa, sheria hiyo haikuweka idadi ya saa za kukaa nyuma ya usukani. Inachotaka ni mkufunzi athibitishe kwamba mwanafunzi ameiva. Pamoja na hayo tunauziwa kozi nzima, wiki kadhaa kwa maelfu ya dola, sawa na kijana ambaye hajawahi kugusa gia. Mwenzetu mmoja alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama ili apate karo. Siku ya kukagua lori alisikia upepo wa breki ukivuja kabla mkufunzi hajaitazama geji. Alijua kwamba lori lenye trela, injini ikiwa imezimwa na breki imekanyagwa, halipaswi kupoteza zaidi ya pauni 4 za upepo kwa dakika. Kilichomkwamisha ni majina ya vyuma kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani unamtaka alizunguke gari na kutaja kila anachokikagua. Hicho ndicho alichohitaji kufundishwa, na karo yake karibu yote ikaishia kwenye mambo aliyoyajua tangu ujana.

Kisha tarehe 29 Septemba mwaka huu ikatoka kanuni ya dharura ya Wizara ya Uchukuzi. Leseni ya biashara kwa mgeni asiye na ukaaji wa kudumu iwe ya wenye viza za H-2A, H-2B na E-2 tu: vibarua wa mashambani, vibarua wa muda wa kazi nyingine, na wawekezaji. Mkimbizi hayumo. Aliyepewa hifadhi hayumo. Kibali cha kazi, ambacho ndicho tulichotumia siku zote, hakitoshi tena. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba wenye leseni za aina hii ni watu wapatao 200,000. Mwezi Novemba mahakama ya rufaa mjini Washington ilisimamisha utekelezaji, lakini shauri halijaisha, na kusimamishwa si kufutwa. Mwajiri anasita kumpa lori mtu ambaye leseni yake inaweza kufa keshokutwa.

Sababu iliyotolewa ni kwamba majimbo hayawezi kuona rekodi ya udereva ya mtu huko alikotoka. Tunaomba muipime sababu hiyo. Mkimbizi anayepata kadi ya ukaaji wa kudumu leo anaruhusiwa kuomba leseni ya kawaida leo hiihii, na rekodi yake ya Kongo bado haionekani. Hakuna kilichobadilika katika udereva wake. Na wale ambao wameendesha hapa kwa miaka, kila kosa walilohukumiwa limo katika mfumo wa taifa wa madereva wa biashara. Ifungueni rekodi hiyo, muisome. Hatukuingia kwa kificho: serikali hiihii ilituhoji, ikatuchunguza, ndipo ikatupandisha ndege.

Kwa hiyo tunaomba, na tunadai kama wakazi wanaolipa kodi: Gavana aiandikie Wizara kwamba Iowa inataka wakimbizi na waliopewa hifadhi waingizwe katika kanuni. Jimbo lisifute leseni ya mtu yeyote bila barua inayotaja sababu na muda wa kukata rufaa. Orodha ya nyaraka iwe moja, iliyoandikwa, katika kila ofisi ya leseni, maana wenzetu wanaombwa karatasi hii leo, na wakirudi nayo wanaombwa nyingine. Bunge litenge fedha ili vyuo vya jamii vimpime kwanza dereva mzoefu, kisha vimfundishe kilichopungua tu. Juu ya yote, tunataka madarasa ya Kiingereza cha barabarani, jioni na wikendi, kwa sababu tangu Juni dereva asiyekidhi kigezo cha lugha anasimamishwa kazi palepale barabarani, na sisi hatutaki msamaha katika hilo. Tunataka mwalimu.

Bunge linafunguliwa tarehe 12 Januari. Tunaomba kukutana nanyi kabla ya siku hiyo, na tutaleta barua za waajiri wetu pamoja na rekodi zetu za udereva. Tupeni taarifa wiki moja mapema, ili walioko safarini kwenye I-80 wapange zamu zao wawepo.