Vipuri Tutavitoa Wapi?



Muhula uliopita klabu yetu ya sayansi iligawanyika pande mbili, na mgawanyiko huo haujapona hata leo. Jambo lenyewe ni fedha. Kwa kuuza mboga za bustani na kwa michango ya wazazi tumepata kiasi cha kutosha kununua kitu kimoja, si viwili. Wenzetu walio wengi wataka tuagize kutoka ng'ambo sanduku la kuundia setilaiti ya mfano. Vipande vyote vimo ndani, vimekwisha kutengenezwa. Kazi ya mwanafunzi ni kuvipachika na kukaza skrubu. Sisi wachache twataka vyuma vya kuchomelea risasi, mita mbili za kupimia umeme, na mfuko wa transista, risista na kapasita. Tumeambiwa ati twarudisha klabu nyuma. Wenzetu waenda angani, nasi twataka kubaki na redio mbovu. Naomba nafasi katika gazeti hili la shule nijibu.

Kwanza nikiri jambo. Kenya iliporusha setilaiti yake Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 nilifurahi kama kwamba ni yetu. Ni chombo kidogo, mtu aweza kukibeba mikononi, nacho kiliwekwa kupiga picha za mashamba na za maji. Gharama yake ilitajwa kuwa shilingi milioni 50 za Kenya, na kwa mambo ya angani hizo si fedha nyingi. Lakini tazameni safari yake. Wahandisi wa Kenya waliibuni na kuiunda pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, ikapakiwa juu ya roketi ya Falcon 9, ikaruka kutoka Vandenberg huko California. Sisemi haya kwa dhihaka. Hata anayejifunza baiskeli hushikiwa kwanza. Nauliza tu: chipu iliyo ndani ya kichwa cha chombo kile ikiadimika, au mwenye kuiuza akikataa kuiuza, ya pili itaundwaje?

Tena anga si jambo geni kwetu, ingawa twalisema kama kwamba lilianza jana. Mwaka 1960 Uingereza na Marekani ziliafikiana kijengwe kituo cha kufuatilia vyombo vya angani katika kisiwa cha Unguja, nacho kikawekwa Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa kimoja kati ya vile vilivyomsikiliza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa, mashine zikaondoka na waliozileta. Huko Kenya nako, katika ghuba ya Ngwana karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini liitwalo San Marco, na kuanzia 1967 hadi 1988 zikarushwa hapo setilaiti tisa. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Sisi tulitoa pwani, nao walitoa chombo.

Lakini hata hao Waitaliano roketi haikuwa yao! Kila chombo kilichoruka Malindi kilibebwa na roketi ya Kimarekani iitwayo Scout. Hapa ndipo nataka wenzangu wasimame kidogo, maana wengi hudhani kutegemea ni ugonjwa wa maskini peke yao.

Ufaransa na Ujerumani zilipatana mwaka 1967 kuunda setilaiti ya mawasiliano iitwayo Symphonie. Roketi ya Ulaya waliyoitumainia ilishindwa mara kwa mara, wakaenda kuomba Marekani iwarushie. Wakakubaliwa kwa sharti: chombo kisitumiwe kwa biashara. Symphonie mbili zikarushwa, moja Desemba 1974 na nyingine Agosti 1975, nazo zilikuwa vyombo vyema. Ila mwenye gari ndiye aliyeamua abiria abebe mzigo gani. Wazungu hawakuisahau siku ile. Tarehe 24 Desemba 1979 roketi yao wenyewe, Ariane, iliruka kutoka Kourou.

Mtu atasema basi, walipata roketi, neno likaisha. Halikuisha. Mwaka 1999 sheria ya Marekani iliziweka setilaiti za mawasiliano na vipuri vyake katika orodha moja na silaha. Toka hapo chombo kilichoundwa Ulaya, na kulipiwa kwa fedha za Ulaya, kikiwa na kipuri kimoja cha Kimarekani cha namna ile, hakikuweza kuuzwa au kurushwa mahali fulani bila ya ruhusa ya Washington. Sheria hiyo ililegezwa kwa sehemu mwaka 2014. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2004, Shirika la Anga la Ulaya pamoja na mashirika ya Ufaransa na Ujerumani lilikwisha kuanzisha mpango wa kutengeneza vipuri vya elektroniki vya kwao.

Kazi hiyo si nyepesi, na sababu yake yafaa kuelezwa. Chipu ya simu yako haifai angani. Huko juu hakuna hewa nene ya kutukinga, na chembe zitokazo kwenye jua na kwenye nyota za mbali hupita ndani ya chipu na kugeuza sifuri kuwa moja, au huiunguza kabisa. Kwa hiyo chipu ya angani hubuniwa kwa namna ya pekee, ikajaribiwa kwa mionzi kwa muda mrefu. Isitoshe, wanunuzi ni wachache mno. Kiwanda kinachouza mamilioni ya chipu za simu hakina haja ya kuhangaika na mtu atakaye mia mbili. Ndiyo maana wauzaji ni wa kuhesabu, na mwenye kuuza peke yake ndiye atawalaye.

Wazungu walifanyaje? Jambo nililolipenda kuliko yote ni kwamba hawakusema kila kitu kitoke Ulaya. Walipambanua maneno mawili. Moja ni kujitosheleza, yaani kutengeneza kila kitu nyumbani. La pili ni kutofungwa, yaani kila unachohitaji uweze kukipata bila ya kuwako mtu mwenye uwezo wa kukunyima. Wakalifuata hili la pili. Wakaandika orodha ya vile ambavyo visipopatikana chombo hakiruki, wakashughulikia hivyo. Kampuni ya NanoXplore ya Ufaransa hutengeneza chipu ambazo mtumiaji huzipangia kazi mwenyewe, namna ambayo zamani ilikuwa lazima itoke Marekani. Akili ya kompyuta iitwayo LEON ilianza kubuniwa katika Shirika la Anga la Ulaya miaka ya 1990, na aina yake moja iliruka ndani ya setilaiti ndogo Proba-2 tarehe 2 Novemba 2009. Michoro ya LEON ilitolewa hadharani, kila mtu aisome. Nasema kila mtu, hata mwanafunzi wa Mazingara akipata kompyuta na mwalimu wa kumwelekeza.

Wala hawajamaliza. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 roketi za Urusi ziliondolewa Kourou, na gari lao la kwenda sayari ya Mars, ambalo lingeruka mwaka ule ule pamoja na Warusi, likabaki chini. Setilaiti zao za Galileo, zile za kuonyesha njia, zilirushwa mwaka 2024 na Falcon 9 ya Marekani. Ndiyo kusema hata tajiri akilala huamkia mlango wa jirani.

Turudi kwetu. Ndani ya chipu mna nyuzi nyembamba kuliko unywele, na katika vyombo vya angani nyingi huwa za dhahabu. Dhahabu ipo Magambazi, wilayani mwetu Handeni. Risasi ya kuunganishia vipuri huchanganywa na bati, na bati huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Kapasita ndogo zilizo imara hutengenezwa kwa tantalumu, na tantalumu yatoka Kivu na Rwanda. Mali yote hiyo hupita mbele ya macho yetu ikiwa mawe, ikarudi ikiwa simu ya kununuliwa kwa mkopo. Wazee wa Korogwe waweza kutueleza mambo kama hayo kwa habari ya mkonge. Mapema miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, nyingi zikasafirishwa zikiwa nyuzi tu. Kamba za nailoni zilipokuja, aliyeshika nyuzi ndiye aliyeumia.

Nimeona kwa macho yangu gharama ya kutojua. Kijijini kwa mjomba wangu kulikuwa na pampu ya kisima iendeshwayo kwa nguvu ya jua. Kila mkaaji wa Handeni ajua maji ni nini, sina haja ya kueleza. Pampu ilisimama. Aliyeiuza alipopigiwa simu alijibu kwamba kipuri hakiuzwi peke yake, ununuliwe mtambo mzima wa kuongozea. Dada zangu wakarudi kwenye ndoo na bwawa kwa miezi mitatu. Mwishowe alikuja fundi redio kutoka mnadani, akafungua kile kisanduku kwa bisibisi, akaonyesha transista moja iliyopasuka, akaweka nyingine aliyoing'oa katika redio iliyokufa. Maji yakatoka. Fundi huyo hakusoma zaidi ya darasa la saba.

Najua jibu la wenzangu. Watasema mtoto ambaye hajaiona setilaiti hawezi kuitamani, na sanduku litaleta wageni siku ya wazazi. Hilo ni kweli, nami sitaki kulibeza. Tena wapo waliokwenda ng'ambo wakarudi na maarifa. Wahandisi watatu wa Uganda waliiunda PearlAfricaSat-1 katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, ikarushwa Novemba 2022. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kiliifanya 1KUNS-PF pamoja na Waitaliano, ikaachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018. Lakini hao walikwenda kubuni, kuchomelea na kujaribu. Hawakwenda kukaza skrubu. Aliyekwisha kuunguza transista kumi nyumbani ndiye atakayefaidi safari kama hiyo.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba nchi yetu yajiandaa kurusha setilaiti yake. Siku hiyo watatakiwa vijana. Sidhani wataulizwa kama waliwahi kulifungua sanduku.

Mkutano wa klabu utakuwa Ijumaa ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa kumi jioni, katika maabara ya fizikia. Orodha ya vyombo tuvitakavyo pamoja na bei zake nimeibandika kando ya mlango. Fedha zatosha, na itabaki akiba ya kununulia transista nyingine zitakapoungua, maana zitaungua. Wenye sanduku nao walete bei yao, watuambie na hili: kipande chake kimoja kikiharibika mwezi wa pili, kingine tutakitoa wapi?

Mwanachama wa Klabu ya Sayansi,
Kidato cha Tatu