Kujua Dawa na Kujua Kufundisha

Ndugu wanachama, ni nani kati yetu asiyemjua karani hodari wa hesabu, ambaye vitabu vyake havina doa, lakini hawezi kumwonyesha kijana mgeni jinsi ya kusawazisha daftari la fedha? Si kwamba hajui. Amejua muda mrefu hata amesahau mahali mgeni anapokwama.

Ofisini kosa la namna hiyo husahihishwa kwa wino mwekundu. Katika famasia sivyo. Mtoto wa kilo 12 akiandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, apasa kupewa miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, basi kipimo chake ni mililita 7.5. Mfamasia mzoefu huifanya hesabu hii kichwani. Mwanafunzi aghalabu huchanganya miligramu, ambayo ni uzito wa dawa yenyewe, na mililita, ambayo ni ujazo wa maji yaichukuayo. Pengine huisahau nukta, 7.5 ikawa 75, na mtoto akanyweshwa mara kumi.

Wako wasemao kwamba ajuaye sana dawa atosha kuzifundisha; na wako wasemao kwamba aliyehitimu ualimu aweza kufundisha lolote. Mwaka 1986 Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza kwamba yapo maarifa mengine, yazaliwayo pale mawili hayo yanapokutana: kujua ni wapi somo hilo humtatiza mwanafunzi, na ni mfano gani utakaomfumbua macho. Mwalimu mwenye maarifa hayo haridhiki na kanuni ubaoni. Huweka mezani chupa na kikombe cha kupimia, mwanafunzi akapima, akaulizwa sababu, akasikilizwa.

Kwa hiyo twaona si haki mfamasia kukabidhiwa darasa kwa ajili ya shahada yake pekee. Afunzwe kufundisha, tena kwa mifano ya dawa. Akae darasani mwa mwenzake mzoefu, na mwenzake aje kwake. Tutaambiwa kwamba walimu ni wachache na muda hautoshi. Ni kweli, lakini wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika chumba cha dawa ulimwengu huo ni mgonjwa, naye ndiye alipaye ada.

Mhariri