Sindano ya kujaza uso: kabla ya kulipa, uliza

Juma hili mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni baada ya mkutano. Zamu yake ya likelemba imefika. Bwana wake ameoa mke mdogo, na shoga yake wa Goma amemwambia kuna sindano ya kuondoa mikunjo usoni. "Nichukue ile pesa niende?" Sikumcheka. Amenipa ruhusa niandike bila jina, na ninyi musimcheke.

Tujue kwanza ni kitu gani. Mara nyingi ndani ya sindano ile muna ute mzito unaoitwa asidi hayaluroniki. Mwili wenyewe unaitengeneza, katika ngozi na katika maungio, na tukizeeka inapunguka. Munganga anaichoma chini ya mkunjo, na pale panajaa. Lakini mwili unaimaliza pole pole. Kisha miezi 6 mpaka 18 mikunjo inarudi, likelemba imekwisha, na mke mdogo yuko palepale.

Hatari ni hii: uso umejaa mishipa midogo ya damu. Dawa ikiingia ndani ya mshipa, inaziba njia ya damu na ngozi inaweza kufa. Ikifika kwenye mshipa wa jicho, mtu anaweza kupofuka, na muda wa kujaribu kuliokoa jicho ni kama saa moja na nusu tu. Iko dawa ya kuyeyusha ute ule, inaitwa hayaluronidesi. Asiyekuwa nayo mkononi asikuchome. Na mtu akipita hapa Kabambare na kibegi, akichoma nyumba kwa nyumba, jiulizeni: kwa saa moja na nusu tutakuwa tumefika wapi kwa njia yetu hii?

Wengine wanachoma silikoni ya majimaji. Hiyo haiyeyuki, na inaweza kuhama ndani ya uso.

Basi uliza haya matatu:
1. Wewe ni munganga uliyesomea kazi hii?
2. Dawa iko katika paketi iliyofungwa, yenye jina na tarehe?
3. Hayaluronidesi iko hapa, sasa hivi?

Jibu moja likiwa hapana, rudi nyumbani na pesa yako. Mwenye mimba na anayenyonyesha wasichomwe kabisa.

Musikimbilie pia pomadi ya sokoni isiyoandikwa vilivyomo. Nyingine zina zebaki, ileile ya wachimbaji dhahabu, na inaharibu figo. Kinachozeesha ngozi zaidi ni jua: shambani tuvae kofia au kitambaa kikubwa.

Na maneno ya bwana ni ya kukaa chini na wakubwa wa jamaa. Sindano haiwezi kuyasema.

Jana jioni nilipita kwake. Pesa bado imefungwa katika pindo la kitenge, hajakata shauri. Kama kuna mwingine kati yenu anayewaza hivyo, aje tuzungumze kabla ya kulipa. Mlango uko wazi.